Tiba ya mahusiano: Sonona inapotibiwa kwa mazungumzo badala ya vidonge

MNAMO Februari 2002, wakazi wa vijiji kadhaa katika wilaya za Rakai na Masaka, kusini mwa Uganda, walianza kukutana mara moja kwa juma. Wanaume walikutana na wanaume wenzao, wanawake na wanawake wenzao, watu wasiozidi kumi na wawili katika kila kundi. Walikaa kwa dakika 90, kisha kila mmoja akarejea nyumbani kwake.

Katika vikao hivyo hapakuwa na daktari, wala hapakugawiwa dawa. Aliyeongoza alikuwa mwenyeji aliyezungumza Kiganda, ambaye hakuwahi kusomea matibabu ya akili hadi alipopewa mafunzo ya majuma mawili kwa ajili ya kazi hiyo. Waliohudhuria walizungumza kuhusu wapenzi wao waliokufa, watu wa nyumbani waliokuwa hawapatani nao, na maisha yaliyowageukia bila kutarajia.

Wote walikuwa na dalili za sonona. Kabla ya vikao kuanza, asilimia 86 yao walikuwa na ugonjwa huo kwa ukamilifu wake, kwa vipimo vya kitaalamu. Baada ya majuma 16 walipimwa tena, na waliobaki wagonjwa walikuwa asilimia 6.5 pekee. Katika vijiji vya kulinganishia, ambavyo havikupewa vikao hivyo, idadi hiyo ilishuka kutoka asilimia 94 hadi 54.7.

Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2003 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, yaliwashangaza wengi. Hadi wakati huo ilidhaniwa kwamba tiba ya mazungumzo ni anasa ya matajiri wa mijini, ambao huwalipa wataalamu kwa saa. Rakai ilionyesha kwamba hata mkulima asiyejua kusoma aweza kupona kwa njia hiyo, mradi aliyemwongoza amefunzwa vyema.

Kilichotumika kule ni tiba ya mahusiano. Msingi wake ni rahisi kuueleza: sonona, hata ikiwa na mizizi katika mwili au katika damu ya ukoo, mara nyingi huzuka wakati uhusiano wa mtu na wenzake umevunjika, umetikiswa au umebadilika. Kwa hiyo, tiba huelekezwa papo hapo.

Huzuni na sonona

Huzuni ni sehemu ya maisha. Aliyefiwa hulia, aliyeachishwa kazi hukosa usingizi, na aliyeachwa na mchumba hupoteza hamu ya chakula. Lakini huzuni ya kawaida huja na kuondoka. Mwenye nayo bado huweza kutabasamu mjukuu akimchekesha, na siku zinavyosonga mzigo hupungua.

Sonona ni jambo jingine. Madaktari huitambua kwa dalili tisa: moyo mzito usioinuka, kutopendezwa tena na mambo yaliyompendeza mtu zamani, kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, hamu ya chakula au uzani wa mwili kubadilika, uchovu usioisha, kujiona hafai au kujilaumu bila sababu, kushindwa kumakinika au kukata shauri, kuwa mzito wa mwendo na usemi au, kinyume chake, kutotulia, na kufikiria kifo. Mtu akiwa na dalili zisizopungua tano, mojawapo ikiwa kati ya zile mbili za kwanza, na zikamkaa karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi hadi zikavuruga kazi na maisha yake, basi huyo ni mgonjwa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 280 duniani walikuwa na ugonjwa huo. Wengi wao hawakupata matibabu yoyote. Katika nchi zetu wagonjwa wengi hufika zahanati wakilalamikia kichwa, kifua, mgongo au tumbo, hupewa dawa za maumivu na kurudishwa nyumbani. Wengine huambiwa kwamba wamerogwa, wamepungukiwa na imani au ni wavivu tu.

Sonona si laana wala uvivu. Ni maradhi yenye dalili, yenye vipimo na yenye tiba zaidi ya moja.

Chimbuko la tiba

Tiba ya mahusiano ilianzia Marekani mwaka 1969. Gerald Klerman, daktari wa magonjwa ya akili, alikuwa akichunguza katika miji ya New Haven na Boston iwapo dawa ya amitriptyline ingewazuia wagonjwa waliopata nafuu wasiugue tena. Klerman aliona kwamba wagonjwa wengi, mbali na dawa, walikuwa pia wakizungumza na wahudumu wa kijamii. Akataka kujua iwapo mazungumzo hayo yalisaidia chochote.

Ili jambo lipimwe, lazima lielezwe kwanza. Klerman alimhusisha Myrna Weissman, wakati huo mhudumu wa kijamii, ambaye baadaye alisomea taaluma ya kuenea kwa magonjwa na kuwa mtafiti mashuhuri. Wawili hao na wenzao waliandika hatua kwa hatua yale ambayo mhudumu mwema hufanya akikaa na mgonjwa wa sonona. Hawakuwa na nia ya kuanzisha tiba mpya. Walitaka tu kuhakikisha kwamba kila mgonjwa katika utafiti wao anapata huduma ya namna moja.

Matokeo ya utafiti huo wa wanawake 150 yalitolewa mwaka 1974. Dawa iliwazuia wengi wasirudiwe na ugonjwa. Mazungumzo nayo yalifanya kazi ambayo dawa haikuweza: yaliwarejeshea wagonjwa uwezo wa kuishi vizuri na jamaa zao na kutekeleza majukumu yao, ijapokuwa faida hiyo ilichukua miezi kadhaa kuonekana.

Mwaka 1984, Klerman, Weissman, Bruce Rounsaville na Eve Chevron walichapisha kitabu cha mwongozo wa tiba hiyo. Miaka mitano baadaye, mwaka 1989, yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa wa serikali ya Marekani uliowagawa wagonjwa 250 katika makundi manne: dawa ya imipramine, tiba ya mahusiano, tiba ya kurekebisha fikira, na vidonge visivyo na dawa ndani. Miongoni mwa waliougua vikali, waliopewa imipramine na waliopewa tiba ya mahusiano walipata nafuu kuliko waliomeza vidonge vitupu.

Klerman alifariki mwaka 1992, lakini kazi yake haikukoma. Mwaka 2016, watafiti wakiongozwa na Pim Cuijpers wa Amsterdam walikusanya tafiti 90 zilizowahusisha watu 11,434, na wakathibitisha kwamba tiba hiyo huleta nafuu katika sonona.

Mambo manne

Anayetibu kwa njia hii haanzi kwa kumuuliza mgonjwa kuhusu utoto wake, wala hachambui ndoto zake. Humuuliza: ni nini kilichotokea katika maisha yako wakati ugonjwa ulipoanza? Jibu, mara nyingi, huangukia katika mojawapo ya mafungu manne.

La kwanza ni msiba. Si kila kilio ni ugonjwa, lakini wapo watu ambao majonzi yao hukwama. Pengine kifo kilikuwa cha ghafla. Pengine marehemu na aliyebaki waliachana kwa ugomvi. Pengine mjane alilazimika kuwa imara kwa ajili ya watoto na hakupata nafasi ya kulia. Tiba humpa mtu fursa ya kumkumbuka marehemu kwa ukamilifu, mazuri yake na mapungufu yake, kisha humsaidia kurejea polepole kwa watu na shughuli zilizosalia.

La pili ni mgogoro na mtu wa karibu: mume na mke, mzazi na mwana, mkaza mwana na mama mkwe, ndugu wanaogombania shamba la urithi, mfanyakazi na mwajiri. Kiini cha mgogoro huwa ni matarajio yasiyolingana. Mmoja anatarajia hiki, mwenzake anatarajia kile, na huenda hawajawahi kuambiana waziwazi. Kazi ya tiba ni kwanza kutambua mgogoro umefikia wapi: je, bado wanajadiliana, wamenyamaziana kwa uchungu, au uhusiano umekwisha na kinachobaki ni kuagana?

La tatu ni mabadiliko ya maisha. Hapa huingia kuolewa, kuzaa, kustaafu, kuhamia mjini, kupoteza kazi, au kuambiwa na daktari kwamba una maradhi ya kudumu. Hata mabadiliko ya heri yaweza kuleta sonona. Tuseme mwalimu mkuu anastaafu akiwa na miaka 60. Jana alikuwa mtu aliyeamkiwa na kijiji kizima. Leo anaketi barazani bila kengele ya kumwita popote. Ameupoteza mshahara wake wa kila mwezi, lakini zaidi ya hayo amepoteza nafasi yake miongoni mwa watu. Tiba humwezesha kuomboleza alichokiacha, kukitazama bila kukipamba, na kutafuta nafasi nyingine anayoweza kuikalia kwa heshima.

La nne ni upweke: kukosa watu kabisa, au kuwa nao lakini kushindwa kujenga nao uhusiano wa kudumu. Hili ndilo fungu gumu zaidi, kwa kuwa mgonjwa hana mtu wa karibu wa kuanzia kwake. Mara nyingi uhusiano wake na anayemtibu huwa ndio mahali pa kwanza pa kujifunzia.

Vikao vinavyoendeshwa

Tiba ya mahusiano ina mwanzo na mwisho unaojulikana. Kwa kawaida huchukua vikao 12 hadi 16, kimoja kwa juma, na mgonjwa huelezwa hivyo tangu siku ya kwanza. Vikao hivyo hugawanyika katika sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni ya kutambua. Mhudumu huchunguza dalili, huutaja ugonjwa kwa jina, na kumweleza mgonjwa kwamba anaugua sonona, kwamba si kosa lake, na kwamba inatibika. Jambo hili laonekana dogo, ila lina uzito. Mama ambaye kwa miezi mitano amejiita mzembe kwa kushindwa kuamka kupika huambiwa kwamba yeye ni mgonjwa, sawa na mwenye malaria, na kwamba kwa muda ana haki ya kupunguziwa mzigo. Pamoja na haki hiyo hupewa wajibu: kufanya kazi ya kupona.

Kisha wawili hao huorodhesha watu muhimu katika maisha ya mgonjwa. Nani yuko karibu naye? Nani alikuwa karibu akaondoka? Nani humsaidia, nani humuumiza, na angependa kipi kibadilike? Kutokana na orodha hiyo huchagua fungu moja, au mawili kwa wingi, la kushughulikia.

Sehemu ya pili ndiyo ndefu zaidi. Kila kikao huanza kwa swali lile lile: tangu tuonane, mambo yamekuwaje? Mgonjwa akisema juma lilikuwa baya, huulizwa ni siku gani na ni nini kilichotokea kati yake na watu. Akisema lilikuwa zuri, huulizwa vivyo hivyo. Taratibu hujifunza kuona uzi unaounganisha moyo wake na matukio ya nyumbani.

Mazungumzo yaliyoharibika huchambuliwa neno kwa neno. Ulimwambia nini? Kwa sauti gani? Naye alijibuje? Ulitaka aelewe nini? Baada ya hapo hutafutwa njia nyingine za kusema jambo hilo, na mhudumu huigiza nafasi ya mume au mama mkwe ili mgonjwa afanye mazoezi kabla ya kulikabili jambo lenyewe.

Sehemu ya tatu ni ya kuagana. Kwa watu walioumizwa na kuondokewa, mwisho wa vikao nao ni kuondokewa, na hauachwi upite kimyakimya. Mgonjwa hutaja alichojifunza, dalili zitakazomwonya kwamba ugonjwa unarudi, na mtu atakayemwendea zikijitokeza.

Tofauti ya tiba hii na nasaha za kawaida ni kwamba anayeiendesha hahubiri wala hatoi hukumu. Haketi kama mzee wa baraza kuamua nani ana haki na nani ana makosa. Humsaidia mgonjwa kuona njia zote zilizo mbele yake, kisha mgonjwa mwenyewe ndiye huchagua.

Jinsi Rakai ilivyoibadilisha

Rakai haikuchaguliwa ovyo. Wilaya hiyo, inayopakana na Tanzania na kuguswa na Ziwa Victoria, ndiyo iliyokuwa na visa vya kwanza vya Ukimwi vilivyotambuliwa Uganda, katika kijiji cha wavuvi cha Kasensero mwaka 1982. Miaka ishirini baadaye kila ukoo ulikuwa umezika. Uchunguzi uliofanywa na Paul Bolton na wenzake katika eneo hilo ulionyesha kwamba takriban asilimia 21 ya watu wazima waliohojiwa walikuwa na sonona.

Watafiti hawakufika na majina yao ya kigeni na kuyabandika. Waliwauliza wenyeji jinsi Ukimwi ulivyowaathiri moyoni, nao wakataja hali mbili kwa Kiganda: yo'kwekyawa, yaani hali ya mtu kujichukia, na okwekubagiza, hali ya kujihurumia kupita kiasi. Dalili walizozieleza zilifanana sana na za sonona zinazojulikana hospitalini. Wagonjwa walitafutwa kwa majina hayo, ambayo kila mwanakijiji aliyafahamu.

Kisha tiba yenyewe ilirekebishwa. Helen Verdeli na Kathleen Clougherty, waliowafunza viongozi wa makundi, waliwasikiliza wenyeji hao kuhusu yale yanayowezekana na yale ambayo yangekuwa utovu wa adabu. Fungu la upweke liliondolewa, kwa kuwa katika vijiji ambamo watu huishi bega kwa bega halikuonekana kuwa na nafasi. Kuugua Ukimwi kuliwekwa katika mabadiliko ya maisha.

Suala la marehemu lilihitaji uangalifu. Kwa Waganda, kama ilivyo kwa jamii nyingi za Afrika Mashariki, si adabu kumsema vibaya aliyekufa. Basi badala ya kumuuliza mfiwa ni yapi mabaya ya marehemu, viongozi walimuuliza ni mambo gani katika maisha yao ya pamoja yaliyokuwa magumu.

Vivyo hivyo kwa migogoro. Katika miji ya Marekani mke hushauriwa kumkabili mumewe na kumweleza yaliyo moyoni. Katika kijiji cha Rakai ushauri huo ungeweza kuvunja nyumba. Ilijulikana kuwa wanawake wa huko walikuwa na njia zao za kuonyesha kutoridhika bila kutamka neno, kwa mfano kupika chakula kisicho na ladha. Makundi yalitafuta njia za aina hiyo zinazokubalika, ikiwemo kumtumia jamaa anayeheshimiwa afikishe ujumbe.

Shirika la World Vision lilishiriki katika utekelezaji. Vijiji 30 viliteuliwa, 15 vya kuwachunguza wanaume na 15 wanawake, na kura ikaamua vipi vipate vikao na vipi visubiri. Watu 248 walikubali kushiriki, na 224 wakafika mwisho wa utafiti. Ikumbukwe kwamba hata katika vijiji vilivyosubiri idadi ya wagonjwa ilipungua. Sonona nyingine huisha yenyewe. Lakini pengo kati ya pande hizo mbili lilikuwa kubwa mno kuhesabiwa kuwa bahati.

Miezi sita baadaye watafiti walirejea. Katika vijiji vilivyopata tiba, waliokuwa wagonjwa walikuwa asilimia 11.7; katika vile vingine, asilimia 54.9. Nafuu ilikuwa imedumu.

Kinachoeleza ufanisi huo si mbinu pekee. Katika kundi, mjane aliyedhani ni yeye tu anayekesha akilia alimsikia jirani yake akisimulia usiku kama wake. Aliyeshindwa kupata ufumbuzi wa tatizo lake alitoa ufumbuzi wa tatizo la mwenzake, na hapo akagundua kwamba bado ana kitu cha kuwapa watu.

Mipaka yake

Tiba ya mahusiano si dawa ya kila kitu, na wanaoitetea kwa dhati hawasemi hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu vijana 314 katika kambi za wakimbizi wa ndani kaskazini mwa Uganda ulionyesha kwamba wasichana walipata nafuu ya wazi, lakini kwa wavulana tofauti haikuwa ya kutosha kuthibitisha chochote. Pengine vijana wa kiume hawakuzoea kufungua mioyo yao mbele ya wenzao. Kwa vyovyote, tiba iliyofaulu kwa mmoja yaweza isimfae mwingine.

Mgonjwa anayesikia sauti zisizokuwepo, anayepanda na kushuka kati ya furaha ya kupindukia na huzuni kuu, au aliyezidiwa hadi hawezi kula wala kuzungumza, anahitaji daktari na, mara nyingi, dawa. Wengi hufaidika kwa kupata dawa na mazungumzo kwa pamoja. Aliyeanza dawa asiziache kwa sababu amejiunga na kundi. Uamuzi huo ni wa daktari. Vilevile ni vyema mgonjwa apimwe maradhi ya mwili, kwani upungufu wa damu na hitilafu za tezi ya shingoni huweza kuleta uchovu na dalili nyingine zinazofanana na za sonona.

Jambo jingine ni kuhusu nyumba zenye vipigo. Kutengeneza uhusiano hakumaanishi kumrudisha mtu kwa anayempiga. Kuna uhusiano ambao tiba yake ni kuukata, na kazi ya mhudumu hapo ni kumsaidia mgonjwa kuwa salama kwanza.

Wala tiba haiondoi umaskini. Mjane wa Rakai alipopona bado alikuwa na watoto wa kulisha. Lakini alikuwa tena na nguvu ya kushika jembe, na katika utafiti ule uwezo wa watu kutekeleza kazi zao za kila siku ulipimwa, ukaonekana umeongezeka.

Hali nchini Kenya

Mwaka 2016 WHO, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Columbia, ilitoa mwongozo wa tiba ya mahusiano kwa makundi ulioundwa kwa vikao vinane, ili utumiwe na watu wasio wataalamu wanaosimamiwa na wataalamu. Nchini Uganda, shirika la StrongMinds, lililoanzishwa mwaka 2013, limeijenga kazi yake juu ya mfano wa Rakai.

Kenya nayo haijabaki nyuma. Matokeo ya utafiti uliofanywa Kisumu, yaliyochapishwa mwaka 2021, yalihusu wanawake 256 wanaoishi na virusi vya Ukimwi na ambao walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kijinsia. Waliopewa vikao 12 vya tiba ya mahusiano na wahudumu wasio wataalamu walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma za kawaida pekee. Watafiti wanaoshirikiana na Chuo Kikuu cha Nairobi wameijaribu pia kwa akina mama wachanga na wajawazito wenye umri mdogo katika vituo vya afya vya jijini.

Mwaka 2020 jopo la kitaifa kuhusu afya ya akili, lililoongozwa na Dkt Frank Njenga, lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la taifa. Sheria ya Afya ya Akili ilifanyiwa marekebisho mwaka 2022. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, kinakiuka Katiba. Uamuzi huo una maana kubwa kwa mgonjwa wa sonona, ambaye zamani angeogopa kusema anayoyawaza asije akaishia korokoroni.

Lakini madaktari wa akili ni wachache, na wengi wao wamo mijini. Ndiyo maana funzo la Rakai lina uzito. Mnamo 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wanaozidi 100,000, wanaotembelea familia nyumba kwa nyumba. Hao ni watu wa aina ile ile iliyoongoza makundi ya Rakai: wenyeji wanaoijua lugha, mila na misiba ya majirani zao. Wakifunzwa na kusimamiwa ipasavyo, wengi wao wanaweza kuongoza vikao kama vile. Bila mafunzo na usimamizi, hata hivyo, vikao hivyo huwa soga tu, na siri za watu huweza kuishia sokoni.

Hatua za kuchukua

Anayeshuku kwamba yeye au mtu wake ana sonona aanzie katika kituo cha afya kilicho karibu, na aombe rufaa hadi hospitali ya kaunti yenye kitengo cha afya ya akili au mshauri aliyesajiliwa. Si makosa kumuuliza mhudumu amesomea tiba gani, vikao vitakuwa vingapi, na siri za mgonjwa zitalindwaje. Majibu yake yanapaswa kuwa wazi.

Mtu akitaja kutaka kufa, asikemewe wala asipuuzwe. Wasiwasi wa wengi kwamba kumuuliza mtu kuhusu kujiua kutampa wazo hilo hauna msingi. Aulizwe kwa upole, asiachwe peke yake, aondolewe kamba, sumu ya wadudu na dawa zilizo karibu naye, na afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Jamaa wana nafasi yao. Wasimhimize mgonjwa ajikaze, kwa kuwa angeweza angekuwa amejikaza tayari. Wampunguzie kazi kwa muda, wakae naye, wamsikilize bila kuharakisha kutoa suluhu, na wamsindikize anapokwenda kutibiwa. Iwapo wao wenyewe ni sehemu ya mgogoro uliomfikisha hapo, wawe tayari kuitwa katika kikao na kusikia yale ambayo hayajawahi kusemwa nyumbani.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika sonona, mgonjwa mara nyingi hafichi kwa hiari. Ugonjwa wenyewe humnyang'anya nguvu ya kusema. Kwa hiyo huwabidi walio karibu naye kuwa wa kwanza kubisha hodi.